Inshallah ya mwenye ofisi

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie neno moja tu, ambalo viongozi wetu Waislamu wamelizoea mdomoni nasi raia tumezoea kulipokea kama jawabu: Inshallah.

Mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya sala ya Ijumaa, kiongozi mmoja alisimama msikitini kwetu kutusalimu. Tukamkumbusha kalvati la njia ya madrasa, lile lililobebwa na maji ya masika, maana watoto wanavuka juu ya ubao. Akasema, "Hilo nimelichukua, Inshallah." Wengine wakaitikia Inshallah. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza, "Ushasikia? Basi halijengwi." Nikacheka, kisha nikajuta kucheka nyumbani mwa Mungu kwa jambo lile.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo wengi wetu tulikuwa tumesoma Suratul Kahf. Mle, aya ya 23 na 24, Mtume (s.a.w.) anaambiwa asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho, ila aongeze: Mwenyezi Mungu akipenda. Neno hili basi ni la mtu aliyekwisha kukaza nia na kujifunga kibwebwe, akabakisha kukiri tu kwamba uwezo si wake. Leo linasemwa na asiyekuwa na nia kabisa, ili lawama imwendee Mungu.

Najua watakuwapo watakaonijibu kwa fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini. Watasema madhehebu yetu ya Kishafii, pamoja na wanazuoni wengi wengine, yanaona kutimiza ahadi ni sunna yenye mkazo, si wajibu. Watasema pia kuwa aliyeapa akaunganisha Inshallah hahesabiwi kuvunja kiapo, na hadithi ipo. Ni kweli yote mawili. Lakini wanazuoni hao hao wameeleza kwamba anayeahidi huku moyoni ameshaazimia kutotimiza, huyo ndiye aliyekusudiwa katika hadithi ya alama tatu za mnafiki: akisema husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiyana.

Halafu kuna kiapo chenyewe. Kiongozi wetu Mwislamu anapoapishwa hushika msahafu, akataja jina lake, akaapa kuwa mwaminifu kwa Jamhuri ya Muungano, akamaliza kwa kusema, "Ewe Mwenyezi Mungu nisaidie." Hakuna Inshallah mle. Ile ni dua, haina sharti. Wala haimfai kuitia Inshallah hiyo kimoyomoyo, kwa sababu Inshallah ya kiapo hutamkwa, na katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba kiapo hufuata nia ya anayeapisha. Anayeapisha pale, hata kama kofia ya uhakimu imevaliwa na mtu mwingine, ni sisi.

Nimewahi kumsikia mtu akitania kwamba kuvunja kiapo cha cheo kuna kafara nyepesi, naye akataja aya ya 89 ya Suratul Maida: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Utani mbaya. Kafara ni baina ya mtu na Mola wake. Haki ya mja hailipwi kwa sinia la pilau; hurudishwa kwa mwenyewe, au mwenyewe akasamehe. Na hapa mwenyewe ni kata nzima. Utapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi?

Siandiki haya kama mtu aliyekaa kibarazani akitazama. Nimekuwa mtumishi wa halmashauri maisha yangu ya kazi, sehemu kubwa kwenye meza ya ardhi. Bibi mmoja alikuwa akija kufuatilia kiwanja cha marehemu mumewe. Faili lilikuwa limepotea. Nilijua. Ningemwambia ukweli, angeandika barua ya malalamiko na faili jipya lingefunguliwa. Badala yake nilimwambia, "Njoo Jumatatu, bibi, Inshallah." Jumatatu ngapi, sikumbuki. Alikuwa akija na kikapu chake cha ukili, akikaa kwenye benchi hadi adhuhuri, akiondoka akiniombea dua. Mwanawe ndiye aliyekuja mara ya mwisho, na cheti cha kifo. Nikafungua faili jipya. Ilikuwa kazi ya wiki mbili. Sikula hata shilingi ya bibi yule, na kwa hilo nilijihesabu mwaminifu miaka mingi.

Kuna siku hapa nchini kiapo kilionekana kizito. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Si yeye aliyewapiga, lakini wizara ilikuwa yake. Simfanyi walii, maana ni katika urais wake, kwa Azimio la Zanzibar la 1991, masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyomkataza kiongozi hisa na nyumba za kupangisha, yalilegezwa. Ila lile la 1977 mara ngapi tumeliona tena?

Ombi langu ni kwa maimamu na kamati za misikiti. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inaamuru deni la muda liandikwe, mashahidi wawepo, wala tusichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Kiongozi akisimama mbele ya safu akaahidi, katibu aandike: nini, wapi, mwisho lini. Asomewe palepale atie saini. Kama hawezi, aseme hawezi. Abu Dharr, sahaba aliyekuwa mkweli sana, aliomba cheo akaambiwa na Mtume kwamba yeye ni dhaifu na kwamba uongozi ni amana, Siku ya Kiyama ni hizaya na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake. Hakuvunjiwa heshima kwa kuambiwa hivyo, na kiongozi wetu hatavunjiwa heshima kwa kupewa kalamu.

Kwetu kaunta buku limeshanunuliwa. Kalvati limo ukurasa wa kwanza, pamoja na tarehe ya Ijumaa ile na majina ya mashahidi. Tulilipeleka ofisini kwa mheshimiwa atie saini. Msaidizi wake ametuambia turudi Jumatatu.

Mtumishi mstaafu,
Muheza, Tanga