Kumrudisha mgonjwa nyumbani si kumtelekeza

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba ndugu wanaomtoa mgonjwa wa saratani wodini na kumrudisha kijijini wamemchoka, amenigusa pabaya. Sisi tulimrudisha mama. Saratani ya shingo ya kizazi ilikuwa imeshapita hatua ya kuponyeka, tukamtoa Dar es Salaam alikokwenda kwa mionzi, tukamleta kwake Muheza. Alikaa nasi miezi minne na siku kadhaa.

Nakiri kwamba msomaji huyo angetukuta wiki mbili za mwanzo, angetuona kweli tumemtupa. Tulikuwa hatujui la kufanya. Mama alilia usiku kucha, sisi tunampa Panadol. Chumba kilijaa harufu mpaka wajukuu wakawa hawaingii, na mwenyewe akawa hataki wageni wapite mlangoni kwa aibu. Mdogo wangu alimlazimisha uji kijiko kwa kijiko, mama anautapika, wanaishia kulia wote wawili.

Ndipo tukaelekezwa kwenye huduma ya hospisi, hiyo ambayo wataalamu wanaiita tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito. Alikuja nesi wa kiume kwa pikipiki, mkoba begani. Akaketi mkekani, akamuuliza mama, si sisi, ni kipi kinachomsumbua zaidi. Wote tulijua atasema maumivu. Mama akajibu taratibu, "Mwanangu, nanuka."

Siku hiyohiyo nesi alitufundisha namna ya kumsafisha na kutumia unga wa vidonge vya Flagyl vilivyosagwa. Vidonge vyenyewe vinauzwa duka lolote la dawa. Hazikupita siku nyingi harufu ikapungua, na mjukuu wake wa mwisho akarudi kulala miguuni pake.

Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, ilileta ugomvi. Mjomba alisema hiyo ni dawa ya kumalizia watu. Jirani akasema mama atakuwa teja, uzeeni, na hijabu yake! Nesi hakukasirika. Alieleza kwamba mgonjwa anayepewa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo na chini ya uangalizi, hawi teja. Akaeleza kuwa dawa hutolewa kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yaanze, kwamba inafunga choo na kwa hiyo lazima iende pamoja na dawa ya kulainisha. Akatuandikia kwenye daftari la shule: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, kisha saa nne usiku kipimo maradufu ili alale mpaka alfajiri. Usiku ule mama alilala. Mimi ndiye sikulala, nilikuwa nikiamka kutega sikio kama bado anapumua.

Maumivu yalipotulia, mama alirudi kuwa mama. Aligawa shamba la michungwa mbele ya mashahidi, akaonyesha anapotaka kuzikwa, akakumbuka hata deni la mwanakikoba mmoja ambaye nadhani alishajua limesahaulika. Wosia ule ndio uliotuepusha na mabaraza ya ardhi. Angebaki katika kilio kile cha mwanzo asingeweza kuutoa.

Na hapa ndipo msomaji mwenzangu hapaoni. Hospisi haikumuuguza mama peke yake, ilituuguza na sisi. Mdogo wangu aliambiwa kwamba mwili unaoaga hauombi chakula, ampe anachokitaka, hata kama ni kijiko kimoja cha maji ya dafu, na asijilaumu. Mimi niliulizwa, "Na wewe dada, unalala?" Nikashindwa kujibu. Nesi akawaita kaka zangu, waliodhani kuuguza ni kazi ya wanawake, akawaonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kisha akawapangia zamu. Kaka mkubwa, ambaye hajawahi kufua hata leso yake, ikawa zamu ya usiku ni yake.

Lakini sitaki nionekane ninapamba. Kuna wiki nesi hakuja kwa kukosa petroli. Kuna Ijumaa chupa ya mofini iliisha, kaka akapanda basi hadi hospitali, akaambiwa mwenye kusaini hayupo, arudi Jumatatu. Kuanzia Jumamosi mama alilia tena kama siku za mwanzo. Sitaitaja hospitali hiyo, maana sidhani ni hiyo peke yake.

Majirani zetu Uganda waliliona tatizo hili mapema. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani na mofini ya maji, dawa ambayo kutengeneza kwake ni kuchanganya unga na maji na kitu cha kuizuia isiharibike. Mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu wauguzi waliosomea tiba hii kuiandika wenyewe, bila kumngoja daktari. Hapa kwetu hospitali kadhaa za Kanisa la Kilutheri, KKKT, nazo zina watu wanaowatembelea wagonjwa majumbani, na wanaostahili shukrani ni wengi. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu 100 wanaohitaji tiba shufaa, wanaoipata ni 14 tu.

Nesi alifika tena siku ya tatu baada ya maziko. Alichukua mofini iliyobaki, akaandika kiasi chake kwenye daftari lake, akakaa nasi mpaka alasiri. Madiwani watakapokaa kujadili bajeti ya halmashauri nitakwenda kumuuliza wetu petroli ya pikipiki ile imewekwa fungu gani, na kama haimo, nani aliyeiondoa.

Binti wa marehemu,
Muheza, Tanga