Kikao cha Jumamosi: mafuta ziwani na fidia

Wenzangu wa bandari ya Kisumu, habari za jioni. Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane nje ya lango. Wapakizi, wavuvi na wenye boti, tafadhali mje wote.

La kwanza ni mafuta. Sheria ya mazingira ya 1999 iko wazi: anayemwaga mafuta majini ndiye anayelipa gharama ya kuyaondoa, pamoja na hasara ya waliodhurika. Lakini bila ushahidi utazungushwa ofisi hadi ofisi. Ukiona utando wa rangirangi karibu na nyavu zako, piga picha, andika saa na upepo unavuma kutoka wapi, kisha wajulishe NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, siku hiyo hiyo. Na jamani, msimwagie sabuni! Inayatawanya tu mafuta ndani ya maji, samaki wakazidi kuumia.

Wapakizi, ukiumia kazini usikubali kunyamazishwa na elfu mbili za dawa. Sheria ya fidia ya 2007 inakupa miezi 12 kuwasilisha dai.

Wenye boti, leteni jaketi za kuokolea. Tutakagua kila mshono na kila kamba, na zilizochakaa hazirudi majini.