Fedha tatu za Edgar Seligman

Lamu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Shee,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Mama anauliza utakuja lini, au benki imeshakumeza huko Nairobi.

Uliponiambia ukishafunga hesabu jioni huna hamu ya kitu kingine, nikamkumbuka Edgar Seligman, mchezaji wa zamani wa mchezo wa upanga. Ukoo wake ni wale Seligman waliokuwa na benki. Joseph, mkubwa wao, alitoka Bavaria mwaka 1837, akachuuza bidhaa vijijini Pennsylvania. Baadaye ndugu wakatapakaa na biashara ya fedha New York, San Francisco, London. Edgar alizaliwa San Francisco mwaka 1867, ila upanga aliushikia Uingereza.

Silaha yake hasa ilikuwa epe, moja ya panga tatu za mchezo huo. Ile haifyeki, inadunga kwa ncha tu, na popote ukidunga, kidole cha mguu au barakoa, umepata. Kwa hiyo wanawindana mikono: kifundo kikichomoza kidogo tu nje ya kile kikombe cha chuma kinachokinga ngumi, umekwisha. Zama zake hapakuwa na taa ya kuonyesha aliyegusa. Waamuzi walikodoa macho. Wewe wa kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, unajua ugomvi wa hapo!

Kwenye Olimpiki ya Athens 1906, timu yao ya Uingereza ikapata medali ya fedha nyuma ya Ufaransa. London 1908, nyumbani kwao, fedha tena, Ufaransa tena. Stockholm 1912 Wafaransa hawakutokea, ungedhani sasa zamu yao. Wabelgiji wakabeba dhahabu. Mtoto wa wenye benki, dhahabu ikamkataa mara tatu! Na ile michezo ya 1906 wakubwa wa Olimpiki leo hawaihesabu, kwa hiyo rasmi ana fedha mbili. Fungua hesabu hiyo wewe keshia.

Wala hakutundika upanga. Ubingwa wa Uingereza wa epe na wa foili, upanga mwingine wa mchezo huo, alikwisha kuupata zamani. Wa seba, upanga wa tatu, akauchukua mwaka 1923, ameshavuka miaka 55. Hakuna aliyemtangulia kuzikusanya zote tatu. Tena alikuwa mchoraji, na kwenye Olimpiki ya Amsterdam 1928, enzi zile sanaa nayo ikishindaniwa, akaingiza kazi yake. Alifariki mwaka 1958, ana miaka 91.

Wewe una miaka 34 unaniambia magoti yanauma.

Fimbo yako bado iko juu ya kabati la mama. Jana nimeifuta vumbi, nikaipaka mafuta ya nazi. Maulidi usije na visingizio.

Wako,
Athmani