Shangazi, kabla hujajenga vyumba vya wageni

Shikamoo Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ingawa jogoo alikukatiza pale ulipofika kwenye bei ya mabati. Nimeelewa hivi: unataka kuondoa banda la mbuzi, ujenge vyumba vitatu, uweke kibao barabarani, na wageni wanaopanda mlima Kilimanjaro walale kwako, wanywe kahawa ya kihamba, shamba letu la nyumbani, na kuonja mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ukauliza Wanepali wanafanyaje, kwa kuwa mimi nimefika. Nakujibu hadharani kwa sababu akina mama wa Marangu wanaoniuliza jambo hilo hilo ni wengi, na bando langu halitoshi kumjibu kila mmoja.

Nilifika vijiji viwili vya Wagurung, watu wa milimani katikati ya Nepal. Cha kwanza ni Ghandruk, juu ya mji wa Pokhara, kwenye mita 2,000 hivi, juu kidogo tu ya geti letu la kupandia mlima. Nyumba ni za mawe, zimeezekwa kwa vigae vya mawe, na kutoka nyumba hadi nyumba unapita kwenye ngazi za mawe. Ukiinua macho unaona mlima Machhapuchhre, mita 6,993, yaani unaupita Kibo wetu kwa zaidi ya mita elfu moja, na hauruhusiwi kupandwa. Mwaka 1957 Waingereza walifika karibu na kilele wakageuka. Tangu hapo umeachwa, na wageni wanalipa ili wakae chini wautazame tu. Sisi tunaoishi kwa kupandisha watu tulifikirie hilo.

Cha pili ni Ghalegaun, wilaya ya Lamjung, na hicho ndicho hasa ninachotaka kukusimulia, maana ndicho kinachofanana na ndoto yako.

Lakini kwanza chakula, najua utauliza. Wanakula ulezi! Ulezi huu huu wa mbege, ambao asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ulivuka kwenda Bara Hindi maelfu ya miaka iliyopita. Wao husonga ugali mzito wa rangi ya udongo, dhindo, wanaula na gundruk, yaani majani ya haradali yaliyochachushwa kisha yakaanikwa juani. Uchachu wake unashika taya. Na pombe, Shangazi: ulezi unapikwa, unapozwa, unatiwa hamira ya kienyeji, unaachwa uchachuke, kisha unachemshwa, na mvuke unagota chini ya sufuria la maji baridi na kudondokea kwenye chombo cha ndani. Kwetu ingeitwa gongo na mjumbe angefika na polisi. Kule bibi wa nyumba alinimiminia kwenye kikombe cha shaba kama anayetoa chai. Nilimwambia kwamba kwetu ulezi tunauchanganya na ndizi. Akauliza ndizi gani. Nilishindwa kumwelezea, kwa hiyo andaa picha za mgomba.

Sasa sikia utaratibu. Ghalegaun huchagui nyumba. Ukifika unapokelewa uwanjani, unavishwa shada la maua na kupakwa tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso, kisha kamati ya kijiji inatazama daftari lake na kukupeleka kwenye nyumba ambayo zamu yake imefika. Ile yenye varanda nzuri na ile ya bibi aliyebaki peke yake zote zimo kwenye zamu, na sehemu ya malipo inaingia mfuko wa kijiji. Aliyeanzisha mtindo huu Nepal ni kijiji kingine cha Wagurung, Sirubari, wilaya ya Syangja, mwaka 1997. Serikali yao ilikuja kutunga kanuni za malazi ya nyumbani mwaka 2010. Tazama miaka hiyo: wanakijiji walitangulia, ofisi zikafuata.

Ghandruk ni tofauti. Huko kila mwenye uwezo kajenga nyumba yake ya wageni, na aliyejenga kando ya njia ya wapandaji ndiye anayepata. Aliye nyuma anauza kuku na mboga kwa aliye mbele. Si kwamba kijiji kimeharibika, hapana. Mradi wa hifadhi ya Annapurna ulianzia pale mwaka 1986, na vikundi vya akina mama, aama samuha, vimefanya kazi kubwa ya njia na usafi. Lakini mimi nimekulia Marangu, na najua majirani wanavyotazamana mgeni wa mmoja anapopita mbele ya nyumba ya mwingine.

Jioni, Ghalegaun, akina mama walituchezea ngoma. Walivaa blauzi za mahameli na shanga nzito, wengine wakiwa na masweta ndani kwa sababu ya baridi, na mmoja alikuwa anatazama simu kati ya wimbo na wimbo. Mgeni mwenzangu, Mzungu, alinung'unika kwamba hii ni ngoma ya kuuzwa. Ni kweli inauzwa, na fedha ziliwekwa kwenye sinia mbele ya macho yetu na mhasibu wao akaandika. Sioni aibu yake. Wanachokiuza wamekichagua wenyewe. Ngoma ya ghatu, ambayo wasichana huicheza macho yamefumbwa, kama waliopandwa na roho, wakisimulia habari za mfalme na malkia wa kale, ina msimu wake na huishia mwezi mpevu wa Baisakh, Aprili au Mei. Nilipouliza kama naweza kuiona, walitabasamu wakanimiminia chai.

Usiku mmoja ngoma nyingine ililia ng'ambo ya kijiji mpaka alfajiri. Ilikuwa pai, ibada ya kumsindikiza marehemu, ambayo huweza kufanywa muda mrefu baada ya mazishi. Kuhani anaitajia roho njia, mahali kwa mahali, hadi kwenye nchi ya mababu kaskazini. Hakuna aliyetualika tukapige picha. Kama utafungua nyumba yako, amua leo ni kaburi gani kihambani mgeni hatapelekwa.

Utaniuliza wanaume wako wapi. Tangu 1815 Waingereza wamekuwa wakiwachukua vijana wa makabila haya jeshini; askari hao ndio wanaoitwa Wagurkha. Ukutani kwa bibi kulikuwa na picha ya baba yake aliyepigana Burma. Nilimwambia kwamba babu yangu naye alikuwa huko na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1944, akaniongezea ugali bila kuniuliza. Hadi leo vijana wanajaribiwa Pokhara kwa kukimbia mlimani kilomita tano wakiwa na kapu la kilo 25 lililoning'inizwa kwenye paji la uso. Wagumu wetu, yaani wapagazi wa mlimani, sheria inawataka wasizidishe 20, tena wanatembea! Wanaokosa nafasi wanaelekea Qatar, Saudia, Malaysia. Kwa hiyo anayekupikia, anayekuchezea na anayeshika daftari ni mwanamke aliyebaki.

Ah, na hili litakuchekesha: kwa mila yao kijana huruhusiwa kumwoa binti wa shangazi yake. Nilipokosea kusema kwamba shangazi yangu ana mabinti wanne, walianza kunipangia harusi. Nimewaambia kwetu ni mwiko, wakanihurumia.

Basi banda la mbuzi liache kwanza. Mkutano ujao wa vikoba, kabla ya kukusanya hisa, waulize wenzako ni nani wana chumba kimoja kikavu, godoro na choo kinachofungika kwa ndani. Choo, Shangazi, ndicho mgeni anachokumbuka. Mkipata nyumba tano, nunueni daftari la zamu na mkubaliane bei moja. Kuhusu leseni nitamuuliza rafiki yangu wa ofisi ya wageni Moshi. Mimi nitawaletea watu wa kwanza mwezi wa tisa, kundi dogo linalotaka usiku mmoja kabla ya kupanda, na sitaki kusikia kwamba wote wamelala kwako kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yako. Nitakupigia Jumapili baada ya ibada ya kwanza.