Kwenye leseni andikeni jina kamili la risasi, si namba peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Nilikuwa mtunza ghala la silaha wa kampuni moja ya uwindaji hapa Arusha kwa miaka ishirini na minne. Nimestaafu, sasa nafuga kuku Sakina. Sikuajiriwa kuwinda, niliajiriwa kuhesabu: bunduki ngapi zimetoka, ngapi zimerudi, risasi ngapi zimepigwa na maganda mangapi yamerudi. Ukishahesabu miaka yote hiyo, kosa la daftari linakunyima usingizi hata kama daftari si lako.

Kosa lenyewe liko kwenye leseni ya marehemu shemeji yangu wa Marangu. Mahali pa kuandika aina ya risasi pameandikwa "416", basi. Ni sawa na kadi ya gari iliyoandikwa "Toyota" ikaishia hapo, halafu kijana akatumwa mjini kununua brekipedi.

Risasi zenye namba 416 ziko nyingi. Kuna ya Rigby, ya Uingereza, tangu 1911. Kuna ya Remington ya mwaka 1988, ikafuatiwa na ya Weatherby, na mwaka 2008 ikaja ya Ruger. Vichwa vyao vyote vina unene mmoja, kama milimita 10.6, na hapo ndipo namba inapotoka. Lakini kichwa hakijishiki chenyewe, kimeshikwa na ganda, na maganda hayo kila moja lina urefu wake, mabega yake na unene wake wa kitako. Risasi ya mmoja hairuhusiwi kwenye chemba ya mwenzake, yaani lile tundu la nyuma ya mtutu linalopokea risasi.

Bunduki ya shemeji si ya hata mmoja kati ya hao wanne. Ukiigeuza ubavu wa kushoto wa mtutu, utasoma: 416 TAYLOR.

Ghalani hizi tulikuwa tukiziita risasi za paka pori, na hata Wamarekani wenyewe wanaziita kwa jina la mnyama huyo huyo. Maana yake ni risasi ambayo haikuzaliwa kiwandani. Mtu amekaa na fundi wake, wakachukua ganda la risasi inayojulikana, wakalibana shingo au wakalipanua, au wakasogeza bega, wakapata kitu kipya, kisha wakachonga chemba ya mtutu ifanane nacho. Dukani haipo. Chakula chake anakijua aliyeifuga.

Nisieleweke kwamba naidharau. Baadhi ya paka pori wamekuja kufugwa na viwanda vikubwa. Ile .35 Whelen ilianza 1922 na haikuingia kiwandani hadi Remington walipoichukua 1988. Ile .458 Lott, ambayo wawindaji wa huku wanaipenda kwa mbogo, ilibuniwa na Jack Lott baada ya kuumizwa vibaya na nyati kule Msumbiji mwaka 1959. Huyu Lott alikuwa na akili ya mfanyabiashara, maana ukikosa risasi yake porini, chemba yake inapokea .458 Winchester Magnum ya kawaida. Mgeni wetu mmoja mzigo wake wa risasi ulipotelea uwanja wa ndege, nikamtolea Winchester kutoka ghalani na safari ikaendelea. Taylor hakutuachia mlango wa namna hiyo.

Taylor mwenyewe ni Robert Chatfield-Taylor, Mmarekani, na mambo yake ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo Kynoch wa Uingereza walikuwa wameacha kutengeneza risasi za bunduki kubwa, na wenye Rigby zao walibaki na bunduki zenye njaa. Ganda la .458 Winchester Magnum lilikuwa likipatikana tangu 1956. Akalibana shingo likashika kichwa cha .416. Likatoka fupi, milimita 63 na nusu, wakati Rigby inakaribia 74. Kwa hiyo iliingia kwenye bunduki ya Mauser ya kawaida, bila kununua ile ndefu ya bei kali. Hesabu nzuri kabisa. (Kwetu huku uwindaji ulipigwa marufuku 1973 hadi 1978, kwa hiyo risasi hii ya Taylor ilikua tukiwa tumefunga milango.) Baadaye Remington wakaleta ya kwao, viwanda vikarudia kutengeneza ya Rigby, na ile sababu ya kuwapo Taylor ikaisha. Bunduki zilizokwisha chongwa zikabaki.

Moja ikaja kuishia Marangu. Shemeji alianza kama msoma nyayo, akapanda hadi kuwa mwindaji bingwa mwenye leseni yake. Bosi wake wa kigeni alipokuwa anarudi kwao, katikati ya miaka ya 1990, alimwachia ile bunduki kwa kufuata taratibu zote za uhamisho, pamoja na risasi arobaini. Nakumbuka kwa sababu nilizihesabu mimi, juu ya meza ya jikoni, dada yangu akilalamika kwamba nachafua kitambaa chake.

Arobaini zilikwenda hivi. Kumi na moja ziliishia kwenye shabaha, maana darubini ilianguka mara mbili kutoka kwenye gari na kila ikianguka lazima ulenge upya. Mbili ziligoma kulipuka. Ishirini na tatu zilifanya kazi ya bunduki. Zikabaki nne, na shemeji akaifungia ndani, akawa anatumia .375 ya kampuni, ambayo ndiyo kipimo cha chini ambacho sheria inataka kwa nyati. Nilimwuliza kwa nini asiiuze. Akaniambia, "Shemeji, nimuuzie nani kitu ambacho chakula chake kimebaki vijiko vinne?"

Sasa nielezee jinsi namba tupu inavyoweza kuua. Shemeji alipofariki, bunduki ilipelekwa polisi kama inavyotakiwa, na kijana wake wa kwanza akafuatilia kuirithi kwa njia halali. Akapata leseni mpya iliyonakiliwa kutoka ya zamani: 416. Akaanza kutafuta risasi, Moshi, Arusha, hata Dar es Salaam. Jioni moja akanipigia, furaha imemjaa: "Mjomba, nimezipata!"

Alikuwa amenunua pakiti moja ya .416 Rigby. Muuzaji alitazama leseni, akatazama boksi, namba zikafanana, akauza. Simlaumu sana, karatasi ndiyo iliyomwambia. Niliweka Rigby moja na Taylor moja mezani, nikachukua venia, kile kipimo cha urefu na unene. Rigby ni ndefu kwa sentimita nzima, na kitako chake ni kinene, milimita 15, wakati Taylor haifiki 14. Kwenye chemba ile haiingii hata ukiipigia nyundo, na ndiyo bahati yetu. Hasara ilikuwa ya fedha tu.

Duka la pili ndilo lililonitoa jasho. Huko alikuta mtu anayejua kidogo. Akamwambia Taylor ni ganda la Winchester, hilo ni kweli. Akamwambia .338 Winchester Magnum ni ganda la ukoo huo huo, hilo nalo ni kweli. Kisha akamwambia, basi chukua .338 ujaribu moja uone.

Mhariri, hiyo .338 inaweza kuingia. Ganda linakaribia kufanana, mshipi wa kitakoni ni ule ule, bolti, yaani komeo la kufungia chemba, inafunga vizuri kabisa na mkono hausikii tofauti. Lakini kichwa chake ni milimita 8.6 ndani ya mtutu wa 10.6. Kinapita kama punje ya mahindi kwenye bomba la maji, hakishiki mistari ya mtutu, hakizunguki, kinatoka kimelala ubavu na kwenda kinakotaka. Shingo ya ganda haina kitu cha kuizuia, inapasuka, na moto hutafuta njia ya kurudi nyuma ulipo uso wako. Na tuseme umepona hayo yote, mbele yako yupo nyati uliyemkosa, na yeye hajakukosa. Kijana alinisikiliza kimya, kisha akaniuliza kama ningeweza kumwandikia yote hayo kwenye karatasi. Barua hii imeanzia hapo.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wa vizuizi vya barabarani wanalijua. Kwa kuwa risasi za paka pori zinatengenezwa kwa ganda la mwingine, kitakoni hubaki jina la yule mwingine. Zile za shemeji zote arobaini zimegongwa "458 WIN MAG". Mwaka mmoja alisimamishwa njiani akienda porini. Leseni inasema 416, risasi zinasema 458. Alishinda kivulini chini ya mgunga tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka simu ikapigwa Arusha nikaulizwa mimi. Afande hakukosea hata kidogo. Alisoma kilichoandikwa, na vilivyoandikwa vilikuwa vinapingana.

Wengine watasema, si abadilishe mtutu? Nilidhani hivyo pia, nikaenda naye kwa fundi. Mtutu nao ni sehemu ya silaha, kwa hiyo unautafutia kibali kama unavyoitafutia bunduki. Hauchongwi kwa mafundi wetu wa Unga Limited hapa Arusha, unatoka nje. Ukishafika, chemba inakatwa kwa rima yake maalumu, yaani chombo cha kuchimbia tundu, na kila aina ya risasi ina rima yake na geji zake za kupimia. Fundi akasema mtutu wa .458 Winchester Magnum ndio ungekuwa na usumbufu mdogo: ganda ni mama yake Taylor, bolti haiguswi, magazini inabaki vile vile, na risasi zinapatikana. Akaongeza kwamba mtutu uliopo unaweza kuongezwa kina cha chemba ukawa .416 Ruger, kichwa ni kile kile. Nikamwuliza hiyo Ruger yeye ameiona mara ngapi hapa mjini. Akacheka. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Bei ya njia ya kwanza, tulipoijumlisha, ilikaribia ya bunduki nyingine kabisa, na kijana ana wadogo wawili shuleni.

Kuna aliyependekeza tujaze risasi wenyewe nyumbani, kwamba maganda yapo na vichwa vinapatikana. Hilo nililikata hapo hapo. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na hata isingekuwa kosa, siwezi kukaa mezani kwa dada yangu nikapima baruti kwa kukisia. Yule bosi wa kigeni alikuwa na mtu wake na vipimo vyake. Vyote viliondoka naye, hakuacha hata kijikaratasi.

Kinachonishangaza ni kwamba pamoja na haya yote vijana wanaoingia kwenye kazi wanaanza kuzitamani. Wanasikia habari za risasi ya fundi fulani inayokwenda kasi kuliko .375, wanaona macho ya wageni yanavyong'aa wakiitaja. Mwenye kiwanda chake Marekani, karakana yake na duka la maganda mtaa wa pili, afanye apendavyo. Wewe unayekwenda mapori ya Moyowosi au Maswa, ukimaliza risasi hakuna wa kukuazima. Wajerumani waliowahi kukaa Moshi walilielewa hili. Mwaka 1905 Otto Bock wa Berlin aliwatengenezea wakulima na wawindaji wa makoloni yao ya Afrika risasi ya 9.3x62, iingie kwenye Mauser yoyote ya kawaida, na viwanda vya Ulaya vinaitengeneza mpaka leo. Imewazidi umri wote waliokuwa na mbwembwe.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo, halihitaji bajeti. Kwenye leseni na kwenye daftari la ghala la polisi, iandikwe aina ya risasi kama ilivyogongwa kwenye mtutu, namba na jina. Pale ambapo ganda lina jina la risasi nyingine, mstari mmoja uongezwe wa kueleza hivyo. Na wauzaji wasome mtutu, au wadai picha ya mtutu, kabla ya kufungua boksi. Ghalani kwetu tulifanya hivyo miaka yote ile kwa kalamu ya wino na rula.

Kijana ameirudisha bunduki polisi ihifadhiwe wakati anafikiria. Ile pakiti ya Rigby muuzaji amekataa kuipokea, nayo ipo huko huko. Nilimsindikiza. Askari kijana, mwenye adabu, alituandikia hati vizuri kwa mwandiko wa kupendeza: bunduki moja, 416, risasi pakiti moja, 416, risasi nne, 458. Nilimwomba aongeze neno moja. Akaniambia, "Mzee wangu, hapa kwenye fomu hakuna nafasi ya jina."

Mtunza ghala mstaafu,
Sakina, Arusha.