Bendera ya Minnesota na mpunga wa ziwani

Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani
Juni

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Salma na kwa watoto wote. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na baridi imetuachia.

Uliuliza kuhusu bendera iliyoonekana nyuma yetu kwenye picha ya Idi, ukasema ni buluu tupu na nyota moja, mbona haina mnyama wala ua wala kitu? Nakujibu kwa kirefu kwa sababu naipenda bendera hii, na ninaipenda hasa kwa kile kilichoondolewa.

Ile ya zamani ilikuwa na muhuri wa jimbo. Ndani yake mkulima wa Kizungu analima, bunduki yake ipo kisikini, na mwenyeji wa asili anakwenda zake juu ya farasi. Picha ile haikuwa pambo tu, dada. Mwaka 1862 Wadakota, wenyeji wa asili wa huku, waliingia vitani na serikali baada ya kucheleweshewa malipo ya ardhi yao hadi njaa ikawabana. Tarehe 26 Desemba wanaume 38 wakanyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na mwaka uliofuata Wadakota wakafukuzwa jimboni kwa sheria. Kisha vizazi vyao wakasoma shuleni chini ya bendera iliyoonyesha kuondoka huko kana kwamba wazee wao walijiondokea kwa hiari. Mimi singeweza kuipigia saluti.

Mwaka 2023 jimbo likaunda tume, wananchi wakatuma michoro zaidi ya 2,000, na bendera mpya ikaanza kutumika rasmi tarehe 11 Mei 2024, siku ya kuadhimisha Minnesota kuwa jimbo mwaka 1858. Upande wa mlingoti ni buluu iliyokolea yenye umbo la jimbo, na juu yake nyota nyeupe ya ncha nane, Nyota ya Kaskazini. Kulikobaki kote ni samawati, rangi ya maji. Wapo wasioipenda, na ile ya zamani bado unaiona kwenye nyumba za watu.

Viumbe uliotarajia kuwaona hawamo kwenye bendera. Wamo kwenye sheria, iliyowataja kuwa alama za jimbo. Ndege wa jimbo tangu 1961 ni loon, ndege wa majini, mweusi mwenye madoa meupe na macho mekundu, ambaye hubeba makinda yake mgongoni majini. Usiku hulia sauti ndefu inayovuka ziwa zima, na mara ya kwanza kuisikia nilidhani kuna mtu anaomba msaada. Ua la jimbo ni okidi ya waridi na nyeupe. Mmea wake huweza kukaa hadi miaka 16 kabla ya kuchanua, na tangu 1925 sheria inaulinda. Kipepeo aitwaye monarch aliingia kwenye alama hizo mwaka 2000 kwa maombi ya watoto wa shule. Jiwe ni akiki nyekundu ya Ziwa Superior.

Lakini kinachonigusa zaidi ni mpunga wa mwitu, nafaka ya jimbo tangu 1977. Waojibwe, nao ni wenyeji wa asili, wanasimulia kwamba wahenga wao waliambiwa wahamie magharibi mpaka wafike pale chakula kinapoota juu ya maji, wakaukuta huku. Hadi leo huvunwa kwa mtumbwi: mmoja anasukuma kwa upondo, mwenzake anainamisha mabua kwa kijiti na kuyagonga kwa kingine, punje zikaanguka mtumbwini. Nyingine huanguka majini, nazo ndizo mbegu za mwakani. Mmea huu hauvumilii salfeti nyingi, aina ya chumvi inayoweza kutoka migodini na kuingia majini. Tangu 1973 jimbo lina kiwango cha juu cha salfeti, miligramu 10 kwa lita, katika maji yenye mpunga huo, lakini kwa miaka mingi hakikusimamiwa ipasavyo, na migodi ipo karibu. Kuutangaza kuwa alama ya jimbo kisha kuacha maji yake yachafuliwe ni jambo linaloniuma.

Nimekuwekea mfuko mmoja, ataubeba shemeji akija Mombasa. Usiupike kama pishori. Uache uchemke taratibu mpaka punje zipasuke zionyeshe weupe wa ndani, ndipo utie tui. Ukishauonja niandikie, na Salma naye aseme neno.

Wako akupendaye,
Mama Nuru