Usiupeleke mswada kiwandani kabla ya kuisoma barua hii

Torino, 9 Novemba

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani, na Mama umfikishie shikamoo yangu. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, ingawa baridi ya huku imekwisha kuniingia mifupani. Miezi mitatu imepita tangu uniletee mswada wa kijitabu chako cha historia ukaniomba niupitie, nami nikanyamaza kama mtu aliyekula fedha za watu. Haikuwa dharau. Jana Shomari amenieleza kwamba mwisho wa mwezi huu mswada unakwenda kupigwa chapa, ndipo nikatambua kwamba nikizidi kungoja nafasi nzuri ya kuandika, ile sentensi yako ya ukurasa wa saba itakuwa imekwisha kuingia mikononi mwa wanafunzi.

Sentensi yenyewe ni hii: "Mwaka 1861 Waitaliano waliamka, wakaungana, wakawa taifa moja." Mwaka ni sahihi, kwani tarehe 17 Machi 1861 bunge lililokuwa likikaa katika mji huu ninaoishi lilimtangaza Vittorio Emanuele kuwa Mfalme wa Italia. Hayo mengine ndiyo yanayoninyima usingizi, na nitaanza na jambo dogo ambalo hukuligusa. Mtu huyo alikuwa mfalme wa kwanza wa Italia hiyo, lakini aliendelea kuitwa Vittorio Emanuele wa Pili. Alikuwa wa pili wa jina hilo katika ukoo wa Savoia, uliotawala Piemonte, jimbo la kaskazini ambalo Torino ndio mji wake mkuu, na kisiwa cha Sardinia, na hakuona haja ya kuanza hesabu upya. Katiba nayo ilikuwa ileile ambayo baba yake, Carlo Alberto, aliwapa raia wa Piemonte mwaka 1848. Ukitazama mambo ukiwa Torino, dola ilikuwa ya zamani, ila shamba lake limepanuliwa.

Mazzini umempa kurasa nne, na anazistahili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanzisha chama cha Italia Changa huko Marseille mwaka 1831 na kuwafundisha vijana kulitaja taifa kama watu wanavyotaja dini. Hata hivyo alitaka jamhuri, si ufalme, na alifariki Pisa mwaka 1872 akiwa amejificha nyuma ya jina la Brown, ndani ya nchi aliyoiota maisha yake yote. Cavour, waziri mkuu wa Piemonte, ambaye umempitia kwa nusu ukurasa, ndiye aliyeushika mpini. Alikutana kwa siri na Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa, huko Plombières mwaka 1858, wakapatana namna ya kuwaingiza Waaustria vitani. Vita vikaja mwaka uliofuata, Lombardia ikapatikana, na malipo ya Mfaransa yakawa jimbo la Savoia pamoja na mji wa Nizza, alikozaliwa Garibaldi, yule jemadari wa wapiganaji wa kujitolea. Hebu fikiri hasira za mzee yule! Tena Cavour mwenyewe Kifaransa kilimwia chepesi kuliko Kiitaliano.

Sasa nifike ninapotaka kufika, yaani kusini. Umeeleza vizuri jinsi Garibaldi alivyoondoka Quarto, karibu na Genova, tarehe 5 Mei 1860 na wapiganaji wapatao elfu moja, wakashuka Marsala katika kisiwa cha Sicilia siku sita baadaye, na hapo kalamu yako ikashangilia hadi Napoli, mji mkuu wa ufalme wa kusini, bila kupumzika. Umeruka agizo lake la tarehe 2 Juni, lililowaahidi wale watakaopigana sehemu ya ardhi ya umma. Wakulima wa Sicilia waliisikia ahadi hiyo. Katika mji wa Bronte, chini ya mlima Etna, mwezi wa Agosti waliona mabwana hawana nia ya kuachia hata pande la ardhi, wakawavamia na kuwaua baadhi yao. Ni mauaji ya kutisha, siyatetei. Aliyekuja kutuliza mambo alikuwa Nino Bixio, jemadari wa Garibaldi mwenyewe. Mahakama ya haraka ikakaa, na watu watano wakapigwa risasi. Wakulima hao walikuwa wameamka kwelikweli, ndugu yangu, kama sentensi yako inavyodai, lakini waliamkia ardhi, na neno Italia kwao lilikuwa na maana hiyo au halikuwa na maana.

Utanijibu kwamba walipiga kura. Ni kweli, tarehe 21 Oktoba 1860 waliulizwa kama wanataka Italia moja isiyogawanyika chini ya Vittorio Emanuele, na upande wa bara wa ufalme wa Napoli kura za ndiyo zikawa 1,302,064 dhidi ya 10,312 za hapana. Mpiga kura alichukua karatasi ya ndiyo au ya hapana mbele ya macho ya watu wote. Hata hapo jibu lilikuwa ni kumkubali mfalme wa Pili, si kukaa pamoja na kuandika katiba mpya. Baadaye waliletewa uandikishaji wa lazima jeshini, ambao Sicilia haikuwa imeuzoea, sheria kali ya mwaka 1863 dhidi ya waliokuwa wakiitwa majambazi, na tangu 1869 kodi ya kusaga nafaka.

Na lugha je? Mtaalamu wa lugha Tullio De Mauro alikadiria kwamba wakati ule waliokuwa wakikizungumza Kiitaliano walikuwa kama asilimia 2.5 tu ya wananchi. Wasiojua kusoma walikuwa karibu robo tatu. Hao "Waitaliano waliungana" wa sentensi yako waliungana kwa lugha gani?

Bibi mwenye nyumba ninayopanga alizaliwa Calabria na alikuja Torino miaka ya 1960 kutafuta kazi, akakuta matangazo ya vyumba yakisema kwamba watu wa kusini hawapangishwi. Nilipomuuliza kuhusu Garibaldi alinisimulia mzaha wa watu wa kaskazini, kwamba Garibaldi hakuiunganisha Italia, bali aliigawa Afrika. Akacheka, kisha akanitazama, akakumbuka ninakotoka, akaniongezea tambi kwenye sahani bila kusema neno. Tambi zilikuwa nyingi mno.

Huenda ninazidisha. Vijana waliopanda merikebu kule Quarto, wengi wao wanafunzi na mawakili, hawakulazimishwa na mtu, na taifa kwao lilikuwa kitu cha kufia. Sitaki uwafute. Ninachoomba ni kwamba usiwaache wasemee watu wote. Habari za kutwaliwa kwa Venezia mwaka 1866 na Roma tarehe 20 Septemba 1870 umeziandika vyema; sina neno.

Jambo moja ningeliongeza kama kijitabu kingekuwa changu, kwa kuwa wasomaji wako ni watoto wa pwani. Dola hiyo haikuwa imetimiza miaka thelathini na mitano ilipokodi bandari za Benadir, pwani ya Somalia, kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, mwaka 1892, na mwaka 1905 ikazinunua kwa pauni 144,000. Barawa ilikuwamo, pamoja na watu wake wasemao Chimini, lahaja ya Kiswahili. Wakati huo Waitaliano wengi bado walikuwa hawakijui Kiitaliano.

Basi andika hivi: "Mwaka 1861 ufalme wa Piemonte ulikuwa umeenea hadi Sicilia, ukajiita Italia." Utasema ni kavu. Ni kavu, lakini mwanafunzi akiuliza kwa nini mfalme aliitwa wa Pili, utakuwa na jibu.

Je, mpiga chapa ameshalipwa, au bado unaweza kumzuia kwa wiki moja? Ramani ya ukurasa wa tisa ni nani aliyeichora, na kwa nini Roma imepakwa rangi ya ufalme tangu 1861? Goti la Mama linaendeleaje? Mwalimu mkuu amekubali kukupunguzia vipindi? Na Shomari anasema umeniandika katika ukurasa wa shukrani kama "profesa": ni wewe uliyeandika hivyo, au ni mzaha wake?

Nijibu upesi.

Ni mimi nduguyo,
Idrisa